Majina ya wazee kwenye nyimbo za Wayoruba: niyakate au niyaache?

Fundi wa Vyombo, Kisauni

Assalaam alaykum jamaa zangu. Mimi ni mpiga muziki wa arusi, nafunga vyombo kuanzia Mtwapa hadi Likoni. Mwezi ujao nina arusi ukumbini upande wa Nyali. Bi arusi ni wa hapa hapa, kwao Mji wa Kale. Bwana arusi ni Mnaijeria, Myoruba wa Ibadan, Muislamu. Tarabu na chakacha nimezizoea, hizo hazinipi shida. Kilichonikwamisha ni orodha ya waimbaji wa Kiyoruba niliyoletewa na upande wa bwana arusi: King Sunny Ade, Ebenezer Obey, Haruna Ishola, Sikiru Ayinde Barrister, na vijana wa sasa wawili watatu.

Nimekaa na nyimbo zao usiku nikazisikiliza moja moja. Kuna moja inakwenda kama dakika 18 bila kusimama. Magitaa yanaingia vizuri, ngoma ile inayobanwa kwapani inaongea kabisa kama mtu, halafu mwimbaji anaanza kuita watu. Fulani, baba wa fulani, mwana wa mji fulani. Ngoma inaitikia. Anaita mwengine. Ngoma inaitikia tena. Na hata kabla ya hapo, mwanzo kabisa, sauti yake iko chini, kama mtu anayeomba ruhusa ya kuingia. Nilimuuliza bwana arusi ni nini kile, akaniambia, "Hapo anawaamkia wakubwa."

Sasa swali langu. Kwenye kompyuta naweza kukata hayo yote nikabakisha dakika nne za kuchezeka. Wageni wengi watakuwa wa hapa, hakuna anayemjua hata mmoja kati ya wanaotajwa. Lakini kuna wazee watakaopanda ndege kutoka Ibadan waje Mombasa kwa ajili ya kijana wao, na sitaki hata kidogo waketi pale waone nimewavunjia heshima. Anayejua muziki huu, anieleze: yale majina yana kazi gani? Nikate au niache?

Dijei wa Likoni

Kaka, kata. Ukumbi ukipoa lawama ni zako, si za mwimbaji. Mimi wimbo ukipita dakika tano naanza kuona watu wanatoa simu. Weka vipande vya mchezo, wazee wapigie salamu kwa mikrofoni, mambo yaishe.

Mwalimu wa Kuze

Wa alaykum salaam mwanangu. Usikate. Nakueleza kwa nini, na niwie radhi nikirefusha, maana jambo hili nalipenda na si kila siku mtu huliuliza hapa.

Nilisoma Chuo Kikuu cha Ibadan miaka ya 80. Nililala chumba kimoja na Wayoruba, nikaalikwa arusi zao, maziko yao, na siku za kuwapa watoto majina. Ule mwanzo wa sauti ya chini ulioushika wewe wenyewe wanauita ijuba. Mtu yeyote ambaye kazi yake ni sauti, awe mwimbaji, mpiga ngoma, au wale wachezaji wa maigizo waliokuwa wakizunguka mji kwa mji, hafungui shughuli mpaka awatambue waliomtangulia. Huanza na Mungu. Kisha wazee waliokwisha kufariki, kisha walio hai, kisha aliyemfunza kazi, na mwisho wenye shughuli yao. Kuna maneno yanayorudiwa sana mahali hapo: nyungunyungu akiiamkia ardhi, ardhi humfungulia kinywa. Fikiria kile kidudu. Hakina jino wala kucha, na kinapita kwenye udongo ambao mimi na wewe tungeuchimba kwa jembe. Kimepita kwa sababu kimepiga hodi. Mwimbaji anasema hivyo hivyo juu ya sauti yake.

Na sisi hatuko mbali. Mshairi wa pwani hafungui utenzi bila Bismillahi na sala ya Mtume, na ngomani kwetu wimbo wa kwanza ni wa hodi. Ukimkatia mtenzi zile beti za mwanzo umempa msomaji hadithi isiyo na mlango.

Sasa majina. Nikupe niliyoyaona kwa macho. Ilikuwa ni sherehe ya maziko ya mzee mmoja Ibadan, aliyefariki akiwa na umri mkubwa. Kwa Wayoruba mzee akiondoka akiwa ameshiba miaka na ameacha wana, watu hula, huvaa nguo za kitambaa kimoja, na bendi hupiga mpaka alfajiri. Bendi ilikuwa katikati ya wimbo mkali na vijana wamejaa uwanjani. Akaingia bibi mmoja amejifunga kilemba cha buluu, anatembea kwa fimbo, ameshikwa mkono na mjukuu. Mpiga ngoma kubwa akatoka pale kwenye bendi akamwendea mpaka mlangoni. Akasimama mbele yake, akaibana ngoma, akaanza kumsemea. Kiyoruba kina ngazi tatu za sauti, juu, kati na chini, na ngoma ile hubanwa nyuzi zake ikapanda na kushuka kwenye ngazi hizo hizo. Kwa hivyo anayeijua lugha husikia maneno. Alikuwa anampigia oriki ya ukoo wake, sifa za kurithi, zinazosema huyu ametoka kwa nani na hao walikuwa watu wa namna gani. Bibi akasimama. Akamkabidhi mjukuu fimbo. Akaanza kucheza kwa mabega tu, pole pole, macho ameyafumba. Vijana wote uwanjani walikuwa wamekwisha kumpisha. Kisha akachomoa noti kwenye pindo la nguo, akazibandika moja moja kwenye paji la uso la mpiga ngoma.

Wakati wote huo magitaa hayakwenda popote. Yalikuwa yanazunguka pale pale kwenye kipande kimoja, yakimngoja. Hapo ndipo zinapotoka zile dakika zako 18. Wapigaji wa juju, huo muziki wa magitaa na ngoma wa kina Sunny Ade na Obey, wa miaka ya 70 walipoingia studio walijaza upande mzima wa santuri kwa muziki usiokatika, nyimbo zimeungana moja kwa nyengine, kwa sababu ndivyo walivyopiga kwenye sherehe: mtu akiingia, muziki unamsubiri mpaka ahudumiwe. Ukikata majina ukabakisha mchezo, umebakisha ile sehemu ambayo wapigaji walikuwa wanasubiri.

Tena usidhani kila kinachosemwa ni asali. Oriki husema na makali. Mji wenyewe wa Ibadan, anakotoka bwana arusi wako, husifiwa kuwa ni mji ambao mwizi humshinda mwenye mali kwenye kesi. Watu wa Ibadan hulisikia hilo wakasimama kwa fahari, maana ni mji uliokua kwa vita katika karne ya 19 na hawaufichi ubabe wa babu zao. Anayesifiwa hivyo anajua kwamba wimbo umemwona mzima mzima, na bado umemheshimu.

Na heshima hiyo wanamuziki wenyewe wanalipana. Sunny Ade alipoanzisha bendi yake mwaka 1967 aliiita Green Spots. Kwa nini? Kwa sababu mkubwa wao wa juju, I.K. Dairo, bendi yake ilikuwa Blue Spots. Kijana wa ukoo wa kifalme wa Ondo, ana kipaji cha kujitosheleza, akachagua jina linalomtaja mwengine. Na kwenye fuji, muziki wa ngoma wa Barrister, mwimbaji Wasiu Ayinde alianza akiwa mtoto wa kubeba vyombo vya bendi ya Barrister. Alipotoka kusimama mwenyewe, santuri zake za mwanzo zilikuwa na jina Wasiu Ayinde Barrister. Jina la mwalimu wake lilikuwa juu ya kazi yake, na watu wakamnunua hivyo. Wewe unayefunga vyombo utalielewa hili kuliko mtu yeyote hapa.

Binti wa Majengo

Mwalimu, nimekusoma kwa adabu na nimefaidika, lakini kuna jambo haliniingii, na nalisema kwa uchungu. Hao wanaotajwa kwenye nyimbo si ni matajiri? Nimeangalia video za sherehe za Lagos. Mtu anatajwa, anamwaga noti, anatajwa tena, anamwaga tena. Anayetajwa mara nyingi si mwenye mvi nyingi, ni mwenye noti nyingi. Na hapa kwetu ni hivyo hivyo. Kwenye tarabu anayeinuka kutuza ndiye anayeonekana.

Nyanya yangu alikaanga viazi karai na mhogo pale Majengo mpaka miguu ikamkataa. Alisomesha watoto, akazika jamaa, akalea na wasio wake. Hakuna mwimbaji aliyewahi kumtaja, kwa sababu hakuwahi kuwa na noti ya kuinuka nayo. Sasa hiyo ni heshima ya wazee au ni heshima ya mfuko? Kama ni ya mfuko, basi kaka akate tu.

Mwalimu wa Kuze

Binti yangu, Mungu amrehemu nyanya yako kama ametangulia, na ampe afya kama yuko. Ulilosema ni kweli na lazima lijibiwe vizuri.

Ndiyo, matajiri wanaimbwa. Haruna Ishola, baba wa apala, muziki wa ngoma wa Kiyoruba, mojawapo ya santuri zake zilizopendwa kuliko zote ilitoka mwaka 1971 na ilikuwa ni ya kukisifu chama cha watu wa Osogbo, watu wenye nafasi zao. Ebenezer Obey na Sunny Ade waliimba wafanyabiashara wengi, hasa miaka ya 70 fedha za mafuta zilipomiminika Naijeria na sherehe zikawa kubwa kupita kiasi. Na kumwaga noti kumefika mahali ambapo sheria ya Benki Kuu yao ya mwaka 2007 imekataza, na watu wamefungwa kwa ajili yake. Sitetei hayo.

Lakini sikiliza wimbo kwa mpangilio wake. Tajiri hatangulii. Kabla yake kuna Mungu, kuna waliokufa, kuna wazee, kuna mwalimu wa mwimbaji. Tajiri hukuta watu wamekwisha kukaa. Na kuna kitu fedha hazinunui kwa Wayoruba, nacho ni umri. Nimemwona mtu aliyeshuka kwenye Mercedes, ana watu wa kumbebea mkoba, akalala kifudifudi na joho lake jeupe kwenye vumbi mbele ya mzee aliyevaa kandambili, kwa sababu mzee yule alikuwa rika la baba yake. Bendi ilikuwa pale. Mwimbaji alimwimba mzee kwanza, na tajiri akangoja zamu yake bado yuko chini.

Sasa nyanya yako. Hapa ndipo nataka unisikie. Kule, anayelipa bendi mara nyingi ni mtoto, lakini jina analolinunulia ni la mzazi. Mwanamke aliyeuza pilipili na mafuta ya mawese sokoni Ibadan maisha yake yote, akazaa daktari na mwalimu, siku ya maziko yake watoto hukodi bendi, na bendi usiku kucha humwita yeye. Hata mtoto mwenyewe hupita kwa jina la mama: mwana wa fulani. Wana usemi kwamba mama ni dhahabu na baba ni kioo, na juju na fuji zimejaa usemi huo kwa namna mia. Yule bibi wa kilemba cha buluu niliyekusimulia alikuwa muuza vitambaa wa kawaida. Noti alizobandika aliwekewa na wajukuu kwenye pindo kabla hajatoka nyumbani, ili asifike mikono mitupu.

Na angalia mwanamuziki Fela Kuti, ambaye hakuna mkubwa wa serikali aliyepona mdomoni mwake. Alizaliwa Abeokuta, Myoruba kamili. Mwaka 1977 wanajeshi walivamia nyumba yake Lagos na mama yake, Funmilayo Ransome-Kuti, akatupwa kutoka dirishani. Mwaka uliofuata akafariki. Fela alibeba jeneza akalipeleka kwenye kambi ya Dodan, alikokaa mtawala wa nchi, kisha akaliimba tukio lile. Mtu anayeitwa mkaidi wa wakaidi alikuwa anadai heshima ya mama yake. Kumtukana mkubwa wa cheo na kumtukuza mzazi kwake havikugongana, na wasikilizaji wake Wayoruba hawakuona ajabu yoyote.

Kwa hivyo, binti yangu, kasoro uliyoitaja haiko kwenye kutaja majina. Iko kwenye nani kaandika orodha. Nyanya yako alistahili mtu wa kuliandika jina lake.

Fundi wa Vyombo, Kisauni

Mwalimu, Mungu akuzidishie. Majina hayakatwi, nimeamua.

Lakini umenigusia jambo ambalo limeshaanza maneno upande wa bi arusi. Hiyo ya kulala kifudifudi. Bwana arusi na rafiki zake wamesema watafanya mbele ya wazee wa bi arusi, ndiyo desturi yao. Ami wa bi arusi amekataa katakata, amesema kusujudu ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake, na haliwi ukumbini akiwa amekaa yeye. Mimi si msuluhishi wao, ila natakiwa niweke muziki wakati huo, na sijui hata niweke nini. Halafu na huu muziki wenyewe wa kuwaamkia waliokufa, usije ukaleta shida nyengine.

Mwalimu wa Kuze

Ami yuko katika haki yake kuuliza, na ajue kwamba Waislamu wa Kiyoruba wamelijadili hilo kwa muda mrefu kabla yake. Kulala chini kule kunaitwa idobale. Wanaume hulala, wanawake hupiga magoti. Si ibada kwao, ni maamkizi, mtoto humfanyia baba asubuhi. Hata hivyo masheikh wengi wa huko wamewakataza Waislamu kulala kabisa, kwa sababu ile ile aliyoisema ami. Ndiyo maana Ibadan utawaona Waislamu wengi wakiinama kidogo na kugusa ardhi kwa vidole vya mkono wa kulia, basi. Mzee hupokea, na haoni kwamba amepunjwa. Mshauri bwana arusi amwendee ami kabla ya siku yenyewe, amwambie watagusa ardhi hivyo, na pale ukumbini ambusu mkono kama tunavyofanya sisi. Wote wawili watakuwa wametosheka. Lakini asingoje siku ya arusi. Jambo kama hili likizungumzwa mbele ya watu mia tatu huwa gumu bila sababu.

Kuhusu muziki, hapo wawekee fuji ya Barrister, na uwe na moyo mkunjufu. Kwa nini fuji? Imezaliwa na daku. Wayoruba Waislamu walikuwa na vijana wa kuzunguka usiku wa Ramadhani wakipiga na kuimba kuwaamsha watu wale daku, muziki uitwao were. Barrister, aliyezaliwa Lagos mwaka 1948, aliingia kwenye hiyo kazi akiwa mtoto mdogo. Alipokua, hata baada ya kupita jeshini wakati wa vita vya Biafra, alirudi kwenye sauti ile ile ya daku, akaiongezea ngoma za apala na sakara, akaipa jina fuji, ambalo mwenyewe alisema alilipata kwenye tangazo la mlima Fuji wa Japani. Alifariki London mwaka 2010 akiwa mzee wa fuji asiye na mpinzani kwa cheo hicho. Fuji zake nyingi hufunguliwa kwa kumsifu Mungu na kumtaja Mtume, ndipo anashuka kwa wazazi na wakubwa. Ami wa bi arusi, kama amekulia Mji wa Kale, ameamshwa na matari ya daku tangu utotoni. Mwambie ulikotoka muziki huu kisha umwekee. Atausikia kwa sikio lengine.

Zile zenye kuwaita waliokufa kwa kirefu, ukiwa na wasiwasi, ziweke wakati wa chakula. Obey anafaa sana hapo. Ni Mkristo, mwaka 1992 aliuacha muziki wa sherehe akawa mhubiri, na nyimbo zake ni za mawaidha na visa vya kale, hazimsumbui mtu anayekula. Haruna Ishola mpigie wazee wakati wamekaa tu wanazungumza. Yeye mwenyewe alipiga apala akiwa ameketi, wapiga ngoma wamemzunguka, hana gitaa wala tarumbeta. Sunny Ade umwache kwa ajili ya kucheza, na vijana wa sasa waje mwisho. Ukimsikiliza Asake utakuta ile sauti ya watu wengi kuitikia kwa pamoja ni fuji tupu, hata wazee wataitambua.

Mke wa Mnaijeria, Bamburi

Nimeolewa na Myoruba, niongeze dogo tu. Muulize bwana arusi kama wanakuja na mwanamke wa kuongoza shughuli. Kwao upande wa mume huwa na mwanamke wake wa kuongoza na upande wa mke vivyo hivyo, wanajibizana kwa nyimbo, na wao ndio wanaowaamuru kina bwana arusi waamkie nani na mara ngapi. Mume wangu alirudishwa mara tatu kwa sababu hakuinama vizuri, na mamangu alifurahi mpaka akapiga vigelegele. Akija mwanamke huyo, mpe mikrofoni nzuri na uwe tayari kupunguza sauti, kwa maana yeye ndiye atakayekuongoza, si wewe kumwongoza yeye.

Na jengine: wazee wao usiwatangaze kwa jina tupu. Nina mkwe mmoja wa Ijebu mwenye cheo cha heshima cha Otunba, na aliyekwenda kuhiji Makka ni Alhaji au Alhaja. Asiye na cheo muite Baba fulani au Mama fulani kwa jina la mtoto wake mkubwa, kama tunavyoitana hapa.

Binti wa Majengo

Mwalimu, nimekuelewa, na nashukuru kwa maneno yako juu ya nyanya. Yuko hai, alhamdulillah, haoni vizuri lakini masikio yako sawa. Mdogo wangu anaolewa baada ya Ramadhani. Jina lake nitaliandika mimi mwenyewe, na mwimbaji wa tarabu tutakayemkodi atalipata kabla hajapanda jukwaani.

Kaka Fundi, nawe fanya hivyo. Usiwatangaze wazee wa Ibadan tu. Bi arusi ana nyanya na shangazi. Waambie wakupe majina ya kwao pia, wapate kuitwa kwenye kile kipande ambacho magitaa yanazunguka pale pale. Mshereheshaji anaweza kuyasoma juu ya muziki.

Fundi wa Vyombo, Kisauni

Hilo limenipendeza sana dada. Nimekwisha kumwandikia mamake bi arusi kwenye WhatsApp, amefurahi, ameniletea majina kumi na moja na bado anaendelea. Bwana arusi naye anaandika ya kwao na jinsi ya kuyatamka.

Limebaki moja tu, mwalimu wangu. Nani anatangulia? Mkubwa wa upande wa bwana arusi ni baba yake mdogo, umri wake kama miaka 70. Nyanya wa bi arusi amepita 80. Lakini wale ndio wageni wametoka mbali.

Mwalimu wa Kuze

Nyanya. Kwanza amewapita umri, na kwa Wayoruba hilo peke yake lingetosha. Pili, kwenye arusi zao upande unaokuja kuoa ndio unaojishusha kwa upande unaotoa mke, kwa hivyo wazee wa Ibadan wenyewe watashangaa ukiwatanguliza wao. Muite nyanya, muache muziki umsubiri asimame au apunge mkono akiwa kitini, kisha ami na mashangazi wa bi arusi. Baada yao ndipo umuite baba mdogo wa bwana arusi na cheo chake chote, na hapo upandishe ngoma kidogo, kwa sababu huyo atataka kucheza.

Na majina ya pande zote yaandikwe kwenye karatasi kwa herufi kubwa, umpe mshereheshaji siku mbili tatu kabla, ayasome kwa sauti mbele ya bwana arusi mpaka ayatamke sawa.